Vifaranga wa Ameraucana: eti weusi wote majogoo, wa bluu wote mitetea?

#1 BandaLaUani
Wadau, salaam. Nipo Kentucky, Marekani, nafuga kuku wachache uani. Mtaani kwetu jogoo haruhusiwi. Akiwika asubuhi mbili tatu kuna mtu anapiga simu manispaa, kwa hiyo nisipojua jinsia ya kifaranga mapema naishia kugawa kuku niliokwisha kuwalisha.

Aina yangu ni Ameraucana, wale wa mayai ya bluu, wenye manyoya yaliyofura mashavuni na kidevuni. Mayai ya kutotolesha nachukua kwa rafiki yangu mwenye shamba nje ya mji. Jogoo wake ni bluu (kwa macho yetu ni kijivu cha moshi), mitetea wake wengi ni weusi.

Safari hii nilipata weusi watano na wa bluu wanne. Wamekua sasa. Weusi wote watano majogoo, wa bluu wote wanne mitetea, hakuna hata mmoja aliyekwenda kinyume. Rafiki yangu anasema ndivyo Ameraucana walivyo, yeye huwatenga siku ile ile wanayotoka. Ni kweli? Nina mayai mengine kwenye mashine. Kama ni kweli, weusi nagawa wote wakikauka tu.

#2 Temba_Jipya
Nimekaa na karanga zangu, ngoja waje wenye fani.

#3 KuchiWaPemba
Soma tena ulichoandika, ndugu yangu. Jogoo wake ni bluu. Mitetea wake ni weusi. Halafu sheria yake ni mweusi dume, bluu jike. Hao alionao bandani walitoka sayari gani? 😂

#4 BandaLaUani
😂😂 Nilimuuliza hilo hilo. Anasema wale alinunua, na kwamba sheria inahusu watoto wa jogoo bluu na jike mweusi tu, si kila Ameraucana.

#5 Kipanga_Mweusi
Si kweli hata kwa hao. Kwa ndege dume ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z moja na W moja. Rangi ya kifaranga wa siku moja ikitaka kukutajia jinsia, kwa kawaida jeni yake inakaa kwenye Z. Jeni ya bluu ya kuku haikai huko, ipo kwenye kromosomu za kawaida, dume na jike wanaigawana sawa kwa sawa.

Inavyofanya kazi: kuku mweusi akipata nakala moja ya jeni hiyo, weusi unafifia anakuwa bluu. Akipata mbili anakuwa mweupe mchafu mwenye matone ya kijivu na meusi, Wamarekani wanamwita splash. Kwa hiyo ukipandisha:

bluu kwa mweusi: nusu bluu, nusu weusi
bluu kwa bluu: robo weusi, nusu bluu, robo splash
bluu kwa splash: nusu bluu, nusu splash
mweusi kwa splash: WOTE bluu

Jinsia haimo popote hapo. BandaLaUani amepata karibu nusu kwa nusu kama inavyotarajiwa. Hilo la madume na majike ni bahati.

#6 MamaVifaranga
Kipanga, usimkatie mwenzio tamaa haraka hivyo. Nimefuga kuku wa mayai Morogoro miaka, wale wa kahawia. Vifaranga vya kahawia ni mitetea, vya njano iliyopauka ni majogoo, unatenga ukiwa unaongea na simu na hukosei. Mbona huko rangi inataja jinsia?

Na angalia jambo moja: kwa hao wa kahawia baba ni mwekundu, mama ana weupe. Watoto wa kiume wanamfuata mama, wa kike wanamfuata baba. Sasa soma #1. Baba bluu, mitetea bluu. Mama mweusi, majogoo weusi. Mpangilio ni ule ule!

#7 Kipanga_Mweusi
Mama, umeona vizuri, na ndiyo maana imani hii haifi. Kwa layers wa kahawia jeni inayohusika ni ya rangi ya fedha (ule weupe) na dhahabu (ule wekundu), na hiyo ipo kwenye Z. Jike ana Z moja tu, na hiyo Z anampa mwanawe wa kiume. Binti anapata Z ya baba peke yake. Ndiyo sababu wanapishana vile: fedha ya mama inatua kwa madume, dhahabu ya baba inabaki kwa majike. Ukigeuza wazazi, baba wa fedha na mama wa dhahabu, hutengi kitu, wote wanatoka weupe.

Bluu haina tabia hiyo. Ushahidi upo kwenye mstari wa mwisho wa #5: jogoo splash kwa jike mweusi, watoto wote bluu, dume na jike. Geuza, jogoo mweusi kwa jike splash, bado wote bluu. Ingekuwa kwenye Z, kugeuza wazazi kungebadilisha matokeo.

#8 JogooLaShamba
Nyie mnahangaika na herufi. Bibi yangu Iringa hakujua Z wala W. Yai lililochongoka linatoa jogoo, la duara linatoa mtetea. Alikuwa anachagua mayai ya kuatamisha kwa kupapasa ncha na banda lake lilijaa majike.

#9 Mraba_wa_Punnett
Bibi hayuko peke yake. Aristotle aliandika kwamba mayai marefu yaliyochongoka ni ya majike. Columella, Mrumi aliyeandika mambo ya kilimo, akasema marefu yaliyochongoka ni ya majogoo. Chagua unayemtaka. Umbo la yai linatokana na mfuko wa uzazi wa yule kuku, ndiyo maana kuku mmoja mayai yake hufanana maisha yake yote. Ingekuwa kweli, kuna mitetea wangezaa majogoo watupu hadi kufa.

#10 JogooLaShamba
Wapo! Mimi ninaye mmoja 😂

#11 Namba_Hazidanganyi
Naomba nirudi kwenye #1. Kipanga anasema bahati. Bahati kiasi gani? Kila kifaranga ana nafasi moja kati ya mbili. Tisa wote kuangukia sheria ya rafiki: moja kati ya 512. Hata ukihesabu na kinyume chake (weusi wote majike, bluu wote madume) ni moja kati ya 256. Hilo si jambo la kusema "bahati" ukaenda kulala.

#12 Mraba_wa_Punnett
#11 hesabu yako iko sawa, ila umesahau nani anafungua uzi. Watu maelfu Marekani wanatotolesha Ameraucana wa bluu na weusi kila msimu. Waliopata mchanganyiko hawaandiki popote. Mmoja kati ya mia kadhaa anapata mstari mnyoofu, anakimbilia mtandaoni. Sisi tunamwona huyo tu.

#13 Namba_Hazidanganyi
Sawa, lakini rafiki yake naye anasema ameona hivyo siku zote. Hapo ni wawili.

#14 KuchiWaPemba
Rafiki yake anatenga siku ya kwanza na kuondoa weusi. Atajuaje walikuwa majogoo? Hawakukaa wakawika.

#15 MamaVifaranga
Eee hapo umempiga kwenye mfupa.

#16 Fundi_Totoleshi
Nimefanya kazi kiwanda cha kutotolesha, niseme kidogo kuhusu njia ambazo kweli zipo siku ya kwanza.

Kuna kutazama sehemu ya haja. Unamshika kifaranga kiganjani, unambinya kinyesi kitoke, unafungua kwa kidole gumba, unatafuta kauvimbe ka kiume, kadogo kuliko kichwa cha pini. Wajapani waliiweka sawa mbinu hii miaka ya 1920 ikaenea duniani. Mtu aliyefunzwa vizuri anashika kifaranga sekunde chache na kukosea ni nadra. Asiyefunzwa anaumiza vifaranga na bado anabahatisha. Na ifanyike mapema, ndani ya siku moja hivi, baadaye kauvimbe hakasomeki.

Kuna bawa. Unalifungua kwenye taa: manyoya ya safu ya chini yakiwa marefu kuliko ya safu ya juu ni mtetea, yakilingana au ya juu yakizidi ni jogoo. LAKINI hii inafanya kazi kwa kuku waliopangwa wazazi tu, baba wa kuota manyoya haraka, mama wa kuchelewa. Ukimkunjua bawa kifaranga wa kienyeji au huyo wa Kentucky unasoma tu kwamba huyu ameota haraka kuliko yule. Kuna video nyingi zinafundisha bawa kwa kuku wowote. Zimewafilisi watu.

#17 Dodoma_Kuku
Asante Fundi. Nilinunua vifaranga kwa mtu akanifungulia mabawa mmoja mmoja kama anakagua noti. "Hawa mitetea watupu, mzee." Nikawa na kwaya ya majogoo.

#18 Mwanagenzi_Nakuru
Hapa Kenya wale wa kienyeji walioboreshwa wa KALRO (taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo) Naivasha huuzwa wakiwa mchanganyiko, unapewa tu. Nusu majogoo. Sisi tumezoea, tunakula majogoo Krismasi.

Swali kwa wenye fani: joto la mashine je? Nilisikia ukishusha joto kidogo unapata majike wengi.

#19 DaktariWaNg'ombeNaKuku
Hiyo ni ya mamba na kasa. Kwao joto la kiota ndilo linaamua jinsia. Kwa kuku jinsia imeshaamuliwa kabla ganda halijafunga, tena anayeamua ni mama kwa kutoa Z au W. Ukishusha joto utapata vifaranga waliochelewa na dhaifu, na wengine watafia kwenye ganda. Usicheze na mashine.

#20 Mwanagenzi_Nakuru
Kwa hiyo kwa kuku wa kulaumiwa ni mama. Niwapelekee wazee wa kwetu hiyo 😂

#21 Bibi_Kishingo
Nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza swali la maana. BandaLaUani, umeandika mitetea wa rafiki yako "wengi" ni weusi. Hao wengine ni rangi gani?

#22 BandaLaUani
Yupo mmoja wa rangi ya kanga, ana michirizi myeupe na myeusi mwili mzima. Rafiki anasema naye ni Ameraucana. Anataga mayai ya kijani kijani. Mayai niliyochukua yalikuwa mchanganyiko, ya bluu na ya kijani.

#23 Bibi_Kishingo
Nilijua! Jeni ya michirizi IPO kwenye Z, kama ile ya fedha ya #7. Jike wa michirizi akipandwa na jogoo asiye nayo, madume wote wanabeba michirizi, majike hawabebi. Na siku ya kwanza kifaranga mwenye nayo ana doa jeupe utosini. Wamarekani wanauza kuku wa namna hiyo kila siku, baba mwekundu, mama wa michirizi: mwenye doa ni jogoo, asiye nalo ni mtetea.

Sasa hao majogoo wako weusi, ni weusi tii au wana mistari?

#24 BandaLaUani
Aisee. Nimetoka bandani. Wawili wana mistari ya kijivu shingoni na mabawani, nilidhani ni rangi kufifia. Watatu ni weusi tii, wanang'aa kijani juani. Doa la kichwani sikuangalia walipotoka.

#25 Bibi_Kishingo
Wawili hao ni wa yule kanga. Kesi imekwisha.

#26 Namba_Hazidanganyi
Haijaisha. Umeeleza wawili. Wamebaki watatu weusi tii na wa bluu wanne. Moja kati ya 128. Na huyo kanga angeweza kuzaa mabinti weusi tii pia, hawapo.

#27 Fundi_Totoleshi
Tena tahadhari kwa awamu ijayo. Vifaranga weusi wa kawaida wana weupe mwingi bila jeni ya michirizi. Wanatoka na tumbo la njano, kidevu cheupe, ncha za mabawa nyeupe. Waliofuga kuku wa Malawi wanajua, wale Ostralopu weusi: kifaranga ana tumbo jeupe, akikua anakuwa mweusi wote. Usichanganye weupe wa usoni na doa la utosini. Na kwa kifaranga wa bluu doa halionekani vizuri.

#28 Mraba_wa_Punnett
Swali lingine: hao ni Ameraucana kweli? Ameraucana walitengenezwa Marekani miaka ya 1970 kutokana na kuku wa mayai ya bluu wenye asili ya Chile, na APA, chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani, kiliwapokea rasmi 1984 kwa rangi nane. Michirizi haimo. Yai la kijani maana yake ni bluu iliyopakwa kahawia juu yake. Huyo kanga ana damu ya mtagaji wa kahawia. Kule wanaitwa Easter Egger: mchanganyiko wowote wenye jeni ya yai la bluu. Viwanda vingi vinauza hao kwa jina linalofanana na Ameraucana, watu wanalipa.

Si kashfa, ni kuku wazuri. Ila ukishakuwa na mchanganyiko, usitarajie rangi itii sheria yoyote.

#29 Kivu_Kentucky
Jambo kwenu. Mimi pia niko Kentucky, natoka Bukavu. Hapa vifaranga wanakuja kwa posta, katika boksi lenye matundu. Posta inakupigia asubuhi: njoo chukua, wanapiga kelele. Mwaka jana niliagiza "mitetea watupu" na kati yao jogoo alikuwemo.

#30 Dodoma_Kuku
Vifaranga kwa POSTA? Barua zenyewe hazifiki.

#31 Fundi_Totoleshi
Tangu 1918, mkuu. Kifaranga kabla hajatoka anavuta kiini cha yai tumboni, kinamtosha siku mbili tatu bila chakula wala maji. Na kiwanda kikikuuzia mitetea, kwa kawaida kinaahidi asilimia 90 hivi, si 100. Jogoo wa Kivu yumo kwenye ile 10.

#32 Rangi_ya_Lavenda
Kuna mtu anafuga zile za lavenda? Nimeziona pichani, kijivu laini kama jivu la mkaa mwembamba. Je ni ile bluu tu iliyopauka?

#33 Kipanga_Mweusi
Hapana, jeni tofauti kabisa, watu wanazichanganya kila siku. Bluu inaonekana kwa nakala moja. Lavenda inataka mbili. Lavenda kwa mweusi: watoto wote weusi, ila wameficha lavenda. Ukipandisha hao walioficha wao kwa wao: robo ndio wanatoka lavenda. Lavenda kwa mweusi aliyeficha: nusu. Na lavenda kwa lavenda ni lavenda wote, ndicho kinachowapa wafugaji raha, maana bluu kwa bluu haitulii kamwe.

Namna ya kuzitofautisha kwa macho: bluu nzuri ina ukingo mweusi kwenye kila unyoya, na shingo ya jogoo ni nyeusi kuliko mwili. Lavenda ni rangi moja kutoka kichwa hadi mkia, imepigwa brashi moja.

#34 Mfugaji_wa_Maonyesho
Nipo Ohio, nafuga lavenda na bluu kwa ajili ya maonyesho. Kipanga amesema vizuri, ila raha ya lavenda kwa lavenda ina bei. Ukiendelea hivyo vizazi kadhaa manyoya yanaharibika, hasa mkiani kwa majogoo: unyoya unakuwa kama umetafunwa, nyuzi zimeachana, haufungi. Kwa hiyo kila baada ya muda tunarudi kwa mweusi, tunapata weusi wanaoficha, kisha tunarudi lavenda. Unapoteza kizazi kizima cha rangi ili upate unyoya.

Bluu nayo hivyo hivyo kwa sababu nyingine. Ukipandisha bluu kwa bluu mfululizo, rangi inapauka na ule ukingo mweusi unayeyuka. Rudi kwa mweusi. Na huyo mweusi awe mweusi wa kijani, si wa zambarau, asiwe na unyoya mwekundu begani. Kuna jogoo mweusi ukimtazama kivulini ni kamili, akisimama juani unaona uzi wa shaba kwenye mabega. Huyo atakuchafulia bluu zako zote, mabinti zake hawataonyesha kitu, majogoo wa kizazi kijacho ndio watakuumbua.

Tena nikiona mtu ametupa weusi wote siku ya kwanza huwa naumia. Mweusi ndiye anayejenga bluu.

#35 MamaVifaranga
Mfugaji, wewe wa huko unajuaje jinsia mapema basi?

#36 Mfugaji_wa_Maonyesho
Kwa hawa wa rangi moja, siku ya kwanza hakuna. Nangoja upanga, kile kinyama cha kichwani. Ameraucana ana upanga mdogo uliolala, wa safu tatu kama punje za njegere, si ule wa msumeno. Kuanzia wiki ya tano au ya sita, jogoo upanga wake unapanuka, safu tatu zinaonekana, unashika wekundu. Mtetea unabaki mstari mwembamba uliopauka rangi ya ngozi. Miguu ya jogoo inakuwa minene. Tatizo ndevu za Ameraucana zinaficha vile vinyama vya chini ya mdomo, na vyenyewe ni vidogo mno, kwa hiyo alama unayoitegemea kwa kuku wengine hapa huna.

Ukiwa na shaka, subiri manyoya ya kiunoni mbele ya mkia. Kuanzia wiki ya 12 hivi jogoo anaota marefu yenye ncha kali yanayoning'inia, mtetea yake ni ya duara. Hapo hakuna ubishi tena.

Rangi ya ngano ndiyo rahisi. Wanatoka wote krimu, ila wiki ya tatu au ya nne majogoo wanaanza kuota weusi kifuani na mabawani, mitetea wanabaki krimu. Kwa mtu wa mjini asiyeruhusiwa jogoo, ningemshauri ngano badala ya bluu.

#37 KuchiWaPemba
Huo upanga uliolala unanihusu. Kuchi wangu wana upanga wa namna hiyo, mdogo, umelala, si wa msumeno. Kuna mtu aliniambia upanga huo maana yake yai la bluu. Mbona kuchi wanataga kahawia na krimu maisha yao yote?

#38 Mraba_wa_Punnett
Aliyekuambia alisikia nusu. Jeni ya upanga ule na jeni ya yai la bluu zipo kwenye kromosomu moja, karibu karibu, kwa hiyo kwa kawaida zinarithiwa pamoja. Kwa Ameraucana zimeshikana. Ndiyo maana ukichanganya Ameraucana na kuku wa msumeno, kifaranga mwenye upanga uliolala ana uwezekano mkubwa kubeba yai la bluu, na mwenye msumeno ana mdogo. Kwa jogoo ndicho kidokezo rahisi ulicho nacho, maana hatagi. Lakini kuchi upanga wake umekuja kwa njia yake, bila jeni ya bluu jirani. Mlango upo, mwenye nyumba hayupo.

Na yai lenyewe: watafiti walionyesha 2013 kwamba ubluu ulitokana na kirusi cha kale kilichojipachika kwenye DNA ya kuku, kikawasha jeni moja kwenye mfuko wa kutengenezea ganda. Ndiyo sababu bluu imeingia hadi ndani ya ganda. Kahawia inapakwa juu tu, yai bichi ukilikwangua linatoka.

#39 Bibi_Kishingo
Kirusi! Msiseme kwa sauti, mayai yasije yakakosa wateja.

#40 JogooLaShamba
Kwetu rangi ya kuku haitafutwi kwa maonyesho. Mwekundu mtupu asiye na doa, au mweusi tii mpaka miguu, bei inapanda mara mbili na mnunuzi haulizi anataga mangapi 😂 Hao weusi tii watatu wa Kentucky wangeuzika kwa siku moja.

#41 Dodoma_Kuku
Na anakuja jioni, hapunguziwi bei na halalamiki.

#42 DaktariWaNg'ombeNaKuku
Turudi. Namba (#26) ana hoja na mimi nina dhana nyingine. Huenda bluu walikuwa zaidi ya wanne. BandaLaUani, kuna waliokufa wiki za mwanzo?

#43 BandaLaUani
Walikufa wawili kwenye bruda (boksi la joto la kulelea vifaranga), bluu mmoja na mweusi mmoja. Jinsia yao sikujua.

#44 DaktariWaNg'ombeNaKuku
Basi ndivyo. Hao wawili wangeweza kuvunja sheria yote. Unahesabu waliobaki tu.

#45 Namba_Hazidanganyi
Au kuithibitisha.

#46 Kipanga_Mweusi
Mnaweza kubishana hadi kesho, jaribio ni jepesi. Awamu hii usigawe yeyote. Chukua mayai ya bluu tu, yule kanga umtoe kwenye hesabu. Kila kifaranga mvishe pete ya plastiki mguuni siku ya kwanza, rangi moja kwa weusi, nyingine kwa bluu, mwenye doa utosini ya tatu. Badilisha pete wakikua, zinabana mguu. Wiki ya nane njoo useme.

#47 BandaLaUani
Nimeagiza pete. Mayai yapo siku ya 18, nimeacha kuyageuza leo. Ya kijani nimeyawekea alama ya penseli. Tatizo ni manispaa, majogoo wakianza kuwika kabla ya wiki ya nane nitakuwa mashakani.

#48 Kivu_Kentucky
Niko kaunti ya jirani, kwetu jogoo anaruhusiwa. Lete wakianza kuwika, nitakuwekea. Watatu weusi tii nao nitachukua kama hujawagawa.

#49 JogooLaShamba
Kivu kashasoma #40 😂😂

#50 Kivu_Kentucky
Hapana kaka, ni wa supu.

#51 Mfugaji_wa_Maonyesho
Mmoja wao usimle kabla hujamtazama mabega juani. Akiwa safi nitakuja kumchukua mimi, nahitaji mweusi mwenye kijani.

#52 Rangi_ya_Lavenda
Jamani, nipo Arusha, nataka mayai ya bluu ya kutotolesha. Nani anajua pa kuyapata hapa nchini? Au mtu wa Marekani aniletee kwenye begi.

#53 DaktariWaNg'ombeNaKuku
Kwenye begi usithubutu. Mayai ya kutotolesha yanataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya kutoka yanakotoka, na Marekani wanahangaika na mafua ya ndege tangu 2022. Yatachomwa uwanja wa ndege, na wewe utaandikishwa maelezo. Anza na ofisi ya mifugo ya wilaya.

#54 Temba_Jipya
Karanga zimeisha. Wiki ya nane ni lini sasa?